Mume wangu amebadilika tabia tangu tumalize mionzi: ni ugonjwa, ni dawa, au amekata tamaa?

BARUA

Habari za kazi, washauri. Naandika kutoka Morogoro. Mume wangu ana miaka 44, ni fundi seremala, tuna watoto wawili, wa kike miaka 13 na wa kiume miaka 7. Mwaka jana alianza kuumwa kichwa kila alfajiri na kutapika. Tulitibu malaria, tukatibu presha, mpaka siku alipoanguka kifafa karakanani. Dar es Salaam wakamkuta na uvimbe kwenye ubongo, mbele, upande wa kulia. Alipasuliwa, kinyama kikapimwa, jibu likaja glioblastoma, saratani ya ubongo, daraja la nne. Akapewa mionzi wiki sita pamoja na vidonge vya kemo. Tumemaliza wiki tatu zilizopita, na mzunguko mwingine wa vidonge tunaanza wiki ijayo.

Kimwili namshukuru Mungu. Anatembea, anaongea, anakula, tena anakula kupita kiasi, kila saa njaa. Shida ni tabia. Halali. Saa nane usiku utamkuta uani anaosha pikipiki. Neno dogo tu anawaka. Juzi alirusha sahani ya ugali ukutani kwa sababu watoto walifungulia redio. Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akimtukana hata kijana anayejifunza kazi kwake. Halafu kuna siku anakaa kwenye kiti asubuhi hadi jioni kama hayupo. Umwambie aoge, anajibu "baadaye", na hiyo baadaye haifiki. Msibani kwa jirani alicheka kwa sauti, ndugu wakaona aibu. Jumapili akaniambia, "Afadhali Mungu anichukue nipumzike, na nyinyi mpumzike."

Dawa anazotumia ni deksamethasoni miligramu 4 asubuhi na miligramu 4 usiku, na levetirasetamu miligramu 1,000 asubuhi na usiku. Hii ya pili iliongezwa katikati ya mionzi baada ya kuanguka tena.

Mawifi zangu wanasema amerogwa, wanataka tuache dawa za hospitali tumpeleke kwa mganga wao. Hao hao wamenikataza nisimwambie ugonjwa umefika daraja gani. Kliniki nayo foleni ni ndefu, na nikianza kueleza mwenyewe yupo pembeni anasema "mimi mzima tu". Huu ni ugonjwa, ni dawa, au amekata tamaa? Kuna ushauri nasaha kwa mtu wa namna hii? Na watoto niwaambie nini?

Mama wa Wawili, Morogoro

MAJIBU

Dada, pole sana. Kwenye barua yako kuna jambo moja la leo na mengine ya wiki hii. Tuanze na la leo.

Mtu mwenye saratani akisema "afadhali Mungu anichukue", mara nyingi anasema amechoka. Mara nyingine anasema zaidi ya hapo, na huwezi kujua ni lipi bila kumuuliza. Muulize mkiwa wawili, wakati ametulia, bila kuzunguka: "Ulisema afadhali Mungu akuchukue. Umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, aliyekuwa nalo hupata nafuu ya kulisema, na asiye nalo atakwambia. Akijibu kwamba amechoka tu, usimkatize kwa "usiseme hivyo". Muulize kinachomchosha zaidi ni nini, umsikilize mpaka amalize. Akijibu ndiyo, muulize kama amefikiria atafanyaje, kisha kama ana kitu hicho karibu. Mwenye njia tayari kichwani haachwi peke yake, na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Kwa vyovyote atakavyojibu, leo hii toa ndani ya nyumba sumu ya panya na dawa za kunyunyizia mazao, na dawa zake zote zikae kwenye sanduku lenye kufuli, dozi umpe wewe. Uvimbe wa mbele ya ubongo hulegeza breki za mtu, ndiyo maana wazo na kitendo kwake vinaweza kufuatana haraka kuliko kwa mgonjwa mwingine.

Sasa swali lako. Ni vyote vitatu, ila havichangii sawa, na kinachowaharibia usiku huenda ndicho chepesi kurekebisha.

Tazama deksamethasoni. Kazi yake ni kupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, na bila hiyo huenda upasuaji na mionzi vingekuwa na mateso makubwa zaidi. Lakini dawa hiyo hiyo inakesha na mtu. Inaleta njaa isiyokwisha, uso kujaa, hasira za ghafla, wengine furaha isiyo na sababu, wengine kilio, na wachache husikia sauti au kuona watu wasiokuwepo. Ukiinywa saa moja usiku, saa nane macho yako makavu. Miligramu 8 kwa siku si dozi ndogo. Kama daktari ameipanga mara mbili, kwa kawaida dozi ya kwanza hunywewa na chai ya asubuhi na ya pili kabla ya saa nane mchana. Mpigie aliyeiandika, au mwone mfamasia wa hospitali, umuulize maneno haya hasa: "Dozi ya usiku naweza kuihamishia saa saba mchana?" Wengi hupewa ruhusa palepale, na ndani ya siku chache usingizi huanza kurudi.

Swali la pili la kuuliza ni kubwa zaidi: "Mpango wa kuipunguza ni upi?" Mionzi imekwisha wiki tatu zilizopita, na huu ndio wakati ambao dozi huangaliwa upya. Tatizo la kawaida ni kwamba hakuna aliyeandika ratiba ya kushuka, basi kila mtu anaendelea kujaza cheti kilekile miezi na miezi, huku mapaja ya mgonjwa yakiisha nguvu hata ashindwe kunyanyuka chooni. Ila kushuka ni kwa ngazi, na kila ngazi huchukua siku kadhaa. Tezi zinazotengeneza homoni kama hiyo mwilini zimelala kwa sababu dawa inafanya kazi yao. Ukiikatisha ghafla presha inashuka, anatapika, anaishiwa nguvu, anaweza kuzimia, na uvimbe wa maji kichwani unarudi. Haya waeleze mawifi zako kama yalivyo: kuziacha dawa hizi kwa siku mbili kwenda popote kunaweza kumuua kabla ya saratani.

Tena mpime sukari, hata kwenye zahanati ya jirani. Deksamethasoni hupandisha sukari hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari, na sukari ikipanda sana huleta kiu, kukojoa mara kwa mara, kusinzia na kuchanganyikiwa ambako familia hudhani ni akili.

Halafu levetirasetamu. Ni dawa nzuri ya kifafa, haigombani sana na dawa nyingine, ndiyo maana hupendwa kwa wagonjwa wa uvimbe. Kwa baadhi ya watu, lakini, inaleta hasira kali, wasiwasi na huzuni nzito, hata mawazo ya kujiua. Mara nyingi haya hujitokeza wiki za mwanzo au dozi inapoongezwa. Jaribu kukumbuka: kabla haijaongezwa katikati ya mionzi, alikuwa anarusha vitu? Kama hasira ilianza baada ya hapo, hiyo ni habari ambayo daktari hawezi kuipata kwenye picha yoyote. Usiipunguze mwenyewe. Kifafa kikirudi kwa kishindo baada ya dawa kukatishwa kinaweza kukataa kukoma. Daktari ndiye atakayeamua kama ashushe dozi au abadilishe, na kubadilisha kunafanywa kwa kuingiza mpya huku ya zamani ikitoka polepole. Lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, kwa kawaida haichochei hasira hivyo, lakini hupandishwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ikipandishwa haraka inaweza kuleta upele wa hatari. Fenobarbitoni, nayo ya kifafa, ni ya bei nafuu na inapatikana karibu kila mahali, ila kwa mtu ambaye tayari ana huzuni na kumbukumbu inayoyumba si mbadala tunaoupenda: inasinziza na inaweza kuongeza sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Ukiondoa dawa, kinachobaki ni ubongo wenyewe. Sehemu ya mbele ndiyo inayoanzisha kazi, inayozuia neno lisitoke mdomoni, na inayomwambia mtu anaonekanaje mbele ya wenzake. Upande wa kulia ukiguswa, mara nyingi mgonjwa haoni kabisa kwamba amebadilika. "Mimi mzima tu" anayomwambia daktari si uongo wala ukaidi. Kwa jinsi anavyojiona, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo kumkalisha chini kumthibitishia kwamba amebadilika ni kupoteza pumzi, na kunaleta ugomvi.

Zile siku za kukaa kitini zinahitaji jicho la karibu, kwa sababu kuna mambo manne yanayofanana kwa nje. La kwanza ni kukosa msukumo kunakotokana na uvimbe: hana huzuni, halii, hajilaumu, na ukimshika mkono ukamwanzishia kazi anaifanya vizuri hadi mwisho. Huyu usimuulize "utaoga?" Mwambie "maji yapo tayari, twende", mpe taulo mkononi. Mpe uchaguzi wa vitu viwili, usimpe wa wazi. La pili ni sonona: anahuzunika, anajiona mzigo, halii mbele za watu lakini analia, vitu alivyokuwa anavipenda havimgusi hata ukimwanzishia, na hali hiyo inakaa siku nyingi mfululizo kwa wiki mbili au zaidi. Maneno "na nyinyi mpumzike" yananusa sonona, ndiyo maana tumeanza nayo. La tatu ni uchovu wa baada ya mionzi. Wiki ya tatu hadi ya sita hivi baada ya kumaliza, wengine huingia katika kusinzia kuzito, wanalala mchana kutwa, kisha hutoka wenyewe baada ya wiki chache. Huyu aachwe apumzike, ila apewe dakika 10 au 15 za kutembea mara mbili kwa siku, maana kulala tu huzidisha uchovu. La nne ni kifafa cha kimyakimya: anakodoa macho dakika moja au mbili, haitiki, labda anachezesha midomo au vidole, kisha anaamka amechanganyikiwa au mkali. Hilo lirekodi kwa simu umwonyeshe daktari.

Kusinzia kunakoambatana na kichwa kuuma zaidi asubuhi, kutapika, mkono au mguu kulegea, au kushindwa kumwamsha, hakuna tafsiri ya kungoja. Ni hospitali. Na kifafa cha kuanguka: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, tazama saa, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, tafuta usafiri mara moja.

Ili haya yote yasibaki maneno ya foleni, nunua daftari la kurasa 40. Kila siku andika saa alizokunywa dawa, saa alizolala, tukio la hasira na kilichotangulia, maumivu ya kichwa, na kifafa. Mistari mitatu inatosha, mfano:

"Jumanne. Deksa saa 2 asubuhi na saa 1 usiku. Kalala saa 5, kaamka saa 8, kaosha pikipiki. Saa 12 jioni katupa sahani: redio ilikuwa juu, watoto wanabishana, mimi namwita ale."

Ona kilichomo humo. Dawa ya usiku, saa tatu tu za usingizi, kisha sauti tatu kwa pamoja zimemwingia mtu ambaye ubongo wake hauwezi tena kuchuja sauti. Siku tano sita za namna hiyo zitakuonyesha hasira zake zina saa zake. Kwa wengi ni jioni, uchovu ukiwa umejaa. Basi redio izimwe kabla ya chakula, ale mapema kidogo na watoto wawili tu au peke yake nawe, wageni waje asubuhi. Hasira ikiwaka usijibu hoja, usidai radhi, shusha sauti, toka na watoto nje dakika 20. Baadaye huenda asikumbuke, au akumbuke na aumie sana; usimrudishie. Akinyanyua mkono kukupiga, si suala la uvumilivu tena. Toka, ita jirani mwanaume aliye mtulivu ambaye umeshamwandaa, na hilo liingie kwenye daftari na lifike hospitali. Misumeno, patasi na visu vikae pamoja na lile sanduku la dawa.

Kuhusu pikipiki: kuiosha saa nane usiku hakuna ubaya zaidi ya baridi. Kuiendesha hapana, kwa sababu ya kifafa. Funguo ziende kwa mtu mwingine, na katazo litoke kwa daktari ili ugomvi usiwe wako. Msumeno wa umeme na randa ya mashine vivyo hivyo. Lakini msimnyang'anye useremala wote. Kupiga msasa kwa mkono, kupaka vanishi mahali penye hewa, kumwelekeza kijana wake afunge kiungo cha kiti, hizo ni kazi za nusu saa asubuhi zenye mwanzo na mwisho. Tungeweza kukuandikia kurasa kuhusu tiba za mazungumzo, ila kwa mtu wa aina yake nusu saa ya msasa kila siku saa tatu asubuhi ni sehemu ya tiba yenyewe. Wataalamu hupanga shughuli za namna hiyo kwa makusudi kwa mtu mwenye sonona, na kwa aliyepoteza msukumo ratiba isiyobadilika humfanyia kazi ambayo ubongo umeshindwa kuifanya.

Ushauri nasaha upo, na unafaa, ila uwe umekatwa kwa kipimo cha ubongo wake. Mazungumzo ya saa nzima yenye maswali ya "unadhani kwa nini unajisikia hivyo" humchosha na hayabaki. Mwombe mshauri mambo haya waziwazi: kikao cha asubuhi, dakika 20 hadi 30, chumba kisicho na kelele, jambo moja tu, wewe uwepo angalau dakika tano za mwisho, na yaliyokubaliwa yaandikwe mistari miwili mitatu kwenye karatasi ibandikwe ukutani nyumbani. Kikao kijacho kianze kwa kusoma karatasi hiyo. Mshauri akikataa kuandika kwa sababu "mgonjwa mwenyewe atakumbuka", huyo hajawahi kumhudumia mtu mwenye uvimbe wa ubongo.

Wa kuanzia ni kitengo cha tiba shufaa. Watu wakisikia jina hilo hudhani ni chumba cha kusubiri kufa, sivyo. Ni timu ya kuangalia maumivu, usingizi, hofu na familia, na huanza sambamba na kemo. Taasisi ya Saratani Ocean Road inayo, na mkiwa na kliniki Dar es Salaam ombeni rufaa ya ndani siku hiyo hiyo badala ya safari ya pili. Hapo Morogoro, anza kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa: omba kuonwa na kitengo cha afya ya akili, na umwone ofisa ustawi wa jamii kuhusu nauli na gharama, maana msongo wa fedha nao ni sehemu ya usingizi unaopotea. Wasomaji wetu wa Kenya wana hospisi, yaani vituo vya tiba shufaa, kama Nairobi Hospice na Coast Hospice ya Mombasa, na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya, isiyo na malipo, kwa mazungumzo ya haraka.

Ukimwona mtaalamu wa afya ya akili, mwambie mapema kwamba mgonjwa ana uvimbe na kifafa, na mpe orodha ya dawa zote. Ataangalia kwanza kama deksamethasoni na levetirasetamu zinaweza kuguswa kabla ya kuongeza kidonge kingine. Akiona ni sonona anaweza kuandika dawa kama setralini. Majaribio ya dawa za sonona kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo hasa ni machache mno, kwa hiyo madaktari huzitumia kwa uzoefu wa wagonjwa wengine na kwa uangalizi. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na wengi huacha siku ya kumi wakidhani hazifanyi kazi. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Amitriptilini, inayotolewa sana kwa usingizi, inaweza kuvuruga kumbukumbu zaidi na kwa dozi kubwa kuchochea kifafa. Diazepamu za kununua dukani ili alale, achana nazo. Kwa ubongo ulioumia zinaweza kumfanya awe mkali zaidi badala ya kutulia.

Foleni ya kliniki ina njia yake. Andika barua ya nusu ukurasa usiku wa kuamkia kliniki: tabia tatu mpya, zilianza lini, dozi za sasa, maneno ya Jumapili kama alivyoyasema, na maswali mawili. Mpe muuguzi anayepanga mafaili aiambatishe juu. Daktari ataisoma kabla hamjaketi, na hutalazimika kumsema mumeo mbele yake.

Kumficha ugonjwa hatukubaliani na mawifi, ingawa tunaelewa hofu yao. Wala hatusemi umkalishe umsomee majibu yote. Anza kwa kumuuliza: "Wewe unaelewaje ugonjwa wako?" kisha "Ungependa kujua kiasi gani, na nani akwambie?" Wengine husema "mwambieni mke wangu", na hiyo nayo ni haki yake. Wanaotaka kujua wajibiwe na daktari, nawe ukiwa karibu. Kuhusu muda, katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2005, lililofanya mionzi pamoja na vidonge vya kemo vya temozolomaidi kuwa tiba ya kawaida ya ugonjwa huu, nusu ya waliotibiwa hivyo waliishi zaidi ya miezi 14 na nusu hivi, na kama robo walivuka miaka miwili. Hakuna anayeweza kusema shemeji yetu ataangukia wapi. Lakini ugonjwa huu unaweza kugusa uwezo wa kuamua mapema kuliko mwili unavyoonyesha, na hapo ndipo ukimya wa ndugu unapogeuka hasara: hati ya kiwanja, akaunti, karakana, wosia. Mambo hayo yafanywe sasa, asubuhi ya siku njema, na yakiwezekana yaambatane na barua ya daktari kwamba siku hiyo alikuwa na akili timamu, ili kesho asitokee wa kupinga. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandaa na kutunza wosia.

Mawifi usipigane nao. Maombi na dua viendelee. Masharti ni mawili tu, dawa haziachwi na hanywi mitishamba bila daktari kujua. Aliye mkali kuliko wote ndiye umwombe aende naye kliniki ijayo, na ndiye umwombe alale kwenu usiku mbili kwa wiki. Akishuhudia mwenyewe saa nane za usiku na maelezo ya daktari, mjadala wa uchawi hupungua. Nawe usiku hizo mbili ulale chumba kingine, mlango umefungwa, simu imezimwa. Kwenye kikao cha ushauri omba dakika zako peke yako. Mke anayeishi na mtu aliye hai lakini si yule aliyeolewa naye huomboleza kimyakimya, na wengi hudhani kuomboleza huko ni usaliti.

Watoto tayari wanajua kuna jambo. Wasichojua ni jina lake, na pasipo na jina mtoto hujilaumu. Wa miaka 7: "Baba ana ugonjwa ndani ya kichwa, unaitwa saratani. Ugonjwa na dawa ndivyo vinavyomfanya apige kelele. Wewe hukukosea, na hauambukizi. Akipiga kelele, nenda kwa mama fulani jirani." Rudia maneno hayohayo kila atakapouliza, na atauliza sana. Wa miaka 13 mpe ukweli zaidi, mfundishe la kufanya baba akianguka kifafa, na mwambie waziwazi kwamba kumlinda baba si kazi yake. Akiuliza kama baba atakufa, usiapie kinyume: "Ugonjwa ni mkubwa, madaktari wanaendelea kumtibu, na nitakwambia kila kitakachobadilika." Mwalimu wa darasa ajue. Kuhusu kicheko cha msibani, watoto na ndugu waambiwe ni ugonjwa, na safari nyingine mkae karibu na mlango, mtoe rambirambi, muondoke mapema.

La mwisho ni kipimo kijacho cha MRI, picha ya ubongo, ambacho kwa kawaida huja ndani ya wiki chache baada ya mionzi. Siku za kukingojea ndizo hasira na kukosa usingizi vinapozidi kwa nyumba nzima. Tena katika miezi mitatu ya mwanzo picha inaweza kuonyesha uvimbe umeongezeka kumbe ni athari ya mionzi yenyewe, na madaktari hulazimika kurudia kipimo baadaye ili kujua. Muulize daktari kabla: kipimo ni lini, majibu yatasomwa siku gani, na nani atakuwepo kuyaeleza. Picha msiisome wenyewe kwenye basi mkirudi Morogoro, wala msiitume kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla ya kukaa na daktari.